Sahani Iliyomeguka ya Larkmoor

Kwanza niwaeleze hicho kijiji, maana mtu asiyekijua atafikiri mimi ndiye nilikuwa na kasoro peke yangu.

Kinaitwa Larkmoor. Kimezungukwa na Houston pande zote, lakini ukiwaambia wenyeji wake kwamba wanaishi Houston wanakunja uso. Kina barabara nne, nyumba zisizofika mia tatu, meya wake, polisi wake na sheria zake. Duka hakuna. Kanisa hakuna. Hata njia ya watembea kwa miguu hakuna, kwa sababu anayetembea kwa miguu pale ni nani, na ametoka wapi? Miti mikubwa imefunika barabara hata saa sita mchana unaona kivuli tu, na mti ukiwa uani kwako huruhusiwi kuukata mpaka uombe ruhusa. Kijiji, eti! Mimi nimezaliwa kijijini, nje kidogo ya Keroka, nakijua kijiji. Kwetu ukipita watu wanakuuliza umeamkaje. Larkmoor wanakupungia mkono huku macho yao yako kwenye namba ya gari lako.

Sisi wafanyakazi tulikuwa na kadi ya kijani ya kuweka nyuma ya kioo cha mbele cha gari. Ina jina lako na nyumba unayofanyia kazi, na unaichukua kituo cha polisi cha hapo hapo kijijini. Mwaka wangu wa kwanza nilisimamishwa mara kumi na moja, kadi ikiwa pale pale inamtazama polisi. "Nahakikisha tu, mama." Unahakikisha nini, we kijana, kwamba sijageuka mtu mwingine tangu Jumatano? Nilikuwa nafika kazini nimekasirika hata chai hainipiti.

Lakini niseme ukweli, ile tabia inaambukiza. Baada ya miaka mitatu nilikuwa nalijua kila gari linalopita Barabara ya Fern. Nilijua fundi bomba gani amekaa muda mrefu kwa nani. Nilikuwa nachungulia dirishani kama mwenye nyumba, na kadi yangu ni ya kijani.

Kazi yangu ilikuwa kumtunza Bi. Whitlow, bibi wa miaka themanini na saba, mwenye sukari na kumbukumbu inayokuja na kuondoka. Binti yake alikuwa anaishi Dallas na anapiga simu kila jioni kuuliza kama mama amekula. Mwaka ulikuwa 2005. Nilikuwa nimeshapata nafasi kwenye shule ya uuguzi, naanza Agosti. Mtoto wa Nyaboke, muuguzi kamili! Miaka saba nimefuta wazee, nimewageuza, nimewalisha, na mgongo umeniuma mpaka umechoka kuuma. Shule ilitaka vitu viwili tu kabla ya Juni: barua nzuri kutoka kwa mwajiri, na jina lisilo na doa lolote kwa polisi. Binti wa Dallas alikuwa ameahidi barua. Jina nilikuwa nalichunga mwenyewe.

Sasa, Jumatatu ya Pasaka, Bwana Haskett wa nyumba ya mkabala alivuka barabara na keki ya ndimu. Walikuwa wamekula na wageni, ikabaki, akaona aiwahishe kwa jirani kabla hajaondoka kwenda kwenye visima vyake vya mafuta huko magharibi. Aliacha keki juu ya meza ya jikoni, akaniambia furahieni, akaenda zake. Bi. Whitlow na sukari yake hakuigusa. Niliila mimi, na sina aibu, ilikuwa keki tamu.

Ikabaki sahani. Nilipoiosha niliitazama vizuri: kongwe, maua ya bluu yaliyofifia, na ukingoni imemeguka kipande cha ukubwa wa ukucha. Nikacheka. Matajiri hawa! Sahani kama hii mama angeiweka nje ya kulishia kuku. Hata hivyo ilikuwa sahani ya mtu, na chombo cha mtu kwetu hakirudishwi kitupu. Unaweka chochote, hata kama ni ndizi mbili, hata kama ni unga kidogo. Kumrudishia jirani chombo kitupu ni kumwambia kwamba basi, mimi na wewe tumemalizana hapa. Mama angesikia nimefanya hivyo angenipigia simu kutoka Keroka na kuniita majina yangu yote matatu. Kwa hiyo niliifunga ile sahani ndani ya leso, nikaiweka garini, nikaenda nayo kwangu Alief ili Jumamosi nikaange mandazi.

Jumamosi ile Brandon wangu akashikwa na homa. Jumamosi iliyofuata nikaitwa zamu. Sahani ikakaa juu ya friji, na mimi kila nikiiona nasema kesho.

Wiki ya tatu ikaja karatasi ya kijiji. Walikuwa na gazeti lao dogo, kurasa nne, linaletwa kwenye sanduku la posta kila baada ya wiki mbili: nani ameshinda zawadi ya bustani, meya amesema nini kuhusu majani makavu. Nililisoma nikiwa nimesimama pale pale nje. Ukurasa wa kwanza, chini: "Chombo cha kale cha thamani kubwa, urithi wa familia, kimetoweka kutoka kwenye kabati la mkazi wa Barabara ya Fern. Wakazi wanaombwa kuwa macho na wafanyakazi wanaoingia nyumbani."

Woi! Wafanyakazi wanaoingia nyumbani ni nani kama si mimi? Nikaiona Agosti yangu inaenda. Na haki ya Mungu, ile sahani haikunijia akilini hata kidogo. Chombo cha kale cha thamani kubwa, mimi nilifikiria fedha, nilifikiria dhahabu, birika lenye miguu. Sahani iliyomeguka, nani angeiita urithi?

Aliyenijia akilini alikuwa Mama Élysée.

Jina lake ni Marguerite. Mkongo wa Uvira, alikuwa amepitia kambi kwa miaka kabla ya kuletwa Houston, na kila Jumanne alisafisha nyumba ya Bi. Haskett. Tulijuana mwaka uliotangulia, siku niliyomsikia nje akiongea kwenye simu, Kiswahili, Barabara ya Fern! Nilivuka mbio na slipa miguuni. Tulishikana mikono tukacheka kama wasichana, yeye na Kiswahili chake cha kwao, mimi na changu. Tangu hapo tulikuwa tunaibiana dakika tano tano pale kwenye majani. Kabla ya Pasaka nilikuwa nimempikia matoke na nyama, nikampa ndani ya bakuli langu la bati, jeupe lenye maua mekundu na mfuniko wake, alilonipa mama nikiondoka nyumbani. Alilipenda sana lile bakuli.

Nilimpenda, ndiyo. Lakini Jumanne ile ile kabla ya karatasi kuja nilikuwa dirishani. Nikamwona anatoka kwa mlango wa gereji ya akina Haskett amekumbatia kitu kizito kilichofungwa kwa kitenge. Akasimama. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akaangalia moja kwa moja kwenye dirisha letu. Nikarudi nyuma, pazia likatikisika. Nilipochungulia tena alikuwa ameshakiweka kile kitu nyuma ya gari la binamu yake Josué, aliyekuwa akimleta na kumchukua, na gari linaondoka. Siku ile nilijiambia hayanihusu. Sasa, na karatasi mkononi, nikasema: kumbe!

Alhamisi akaja Ofisa Delaney. Huyu ndiye aliyekuwa amenisimamisha mara tisa kati ya zile kumi na moja. Alivua kofia, akakaa jikoni, akakubali hata kahawa, mtu ambaye hajawahi kuniuliza hali.

"Unaona mengi kutoka dirisha hili," akasema.

"Naona kiasi."

"Unawajua wanaofanya kazi ng'ambo?"

Hakunitisha. Hakupandisha sauti. Ningeweza kusema namjua Marguerite, ni mtu mwema, nimekula naye. Badala yake nikafikiria jina langu na shule yangu, nikafikiria kwamba kama si yeye basi ni mimi, maana sisi wawili tu ndio tunafanana machoni mwao. Nikasema nimemwona Jumanne na kitu kizito ndani ya kitambaa. Nikasema aliangalia huku na huku. Sikuulizwa hilo la kuangalia huku na huku, nililiongeza mwenyewe.

"Asante, mama," akasema, na kwa mara ya kwanza akalitamka jina langu, lile la kwenye kadi. "Kwa-mbo-ka. Nimesema sawa?"

"Sawa kabisa," nikasema.

Jumanne iliyofuata nilikuwa bafuni na Bi. Whitlow, sikuona kitu. Jumatano nikiingia kijijini Delaney akaniashiria nishushe kioo. Akaniambia yule mwanamke walimsimamisha pale pale mwanzoni mwa kijiji akiingia kazini. Kile chombo hawakukipata, lakini Bi. Haskett ameamua asirudi tena. Nikasema "aha." Nilisikia mwili mwepesi, na nitawadanganya nikisema nilisikia kingine. Wiki ile hakuna aliyenisimamisha.

Jumamosi nikapata nafasi. Nikakaanga mandazi, mazuri, yenye iliki, yamefura vizuri. Nikashusha sahani kutoka juu ya friji, nikaipanga, nikaifunika leso safi. Jumatatu asubuhi, kabla sijaingia kwa Bi. Whitlow, nikapiga kengele kwa akina Haskett nikitabasamu.

Bi. Haskett mwenyewe akafungua. Nikasema, nimewarudishia sahani yenu, na samahani nimechelewa. Nikafunua leso.

Hakuona mandazi. Aliona ukingo ule uliomeguka, akaweka mkono mdomoni, machozi yakamjaa. "Sahani ya nyanya yangu," akasema. "Ee Mungu wangu. Hii ndiyo."

Hii ndiyo? Nilisimama pale mlangoni na baridi imenishika kuanzia kisogoni, Houston, mwezi wa nne. Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema mume wako aliileta mwenyewe na keki. Lakini yeye akanitangulia.

"Alikupa wewe uirudishe, sivyo? Yule Marguerite. Aliogopa kuja mwenyewe." Akanishika mkono. "Wewe ni mtu mwaminifu. Nitampigia binti wa Bi. Whitlow leo leo nimweleze ana mtu wa namna gani pale. Si alisema anakuandikia barua ya shule? Nami nitaandika."

Ningesema nini? Najua nilichopaswa kusema, hamna haja ya kuniambia. Lakini barua mbili! Na ilikuwa hadithi iliyokwisha tengenezwa, mimi kazi yangu ni kunyamaza tu. Nikanyamaza. Nilitingisha kichwa, na hata sijui kama kilitingishika kusema ndiyo au hapana. Yeye akamwaga mandazi kwenye karatasi ya jikoni, akaikumbatia sahani, akafunga mlango.

Siku hiyo nilimpa Bi. Whitlow dawa ya saa sita saa saba. Sijawahi kukosea dawa maishani mwangu.

Jioni nilipotoka kazini nikaenda moja kwa moja kwa Mama Élysée, Alief, ghorofa ya pili, jua bado lipo. Nilikuwa nimeamua kumwambia. Akafungua mlango akapiga kelele ya furaha.

"Mama Brandon! Ingia, ingia. Leo Mungu njo amekuleta."

Akanikalisha, akaniletea maji, akanisimulia mwenyewe kabla sijasema neno. Kwamba amefukuzwa kazi. Kwamba polisi walimtoa nje ya gari, yeye na Josué, mikono juu ya gari, watu wanapita na mbwa wao wanaangalia. Kwamba kambini alishapekuliwa na watu wenye bunduki, lakini kule angalau kila mtu alikuwa anapekuliwa.

"Na waliona nini?" nikauliza.

"Sahani yako!" Akapiga mikono, karibu acheke. "Nilikuwa nakuletea sahani yako, na sombe ndani. Ile Jumanne ya kwanza niliificha mu frigo ya garage, juu madame hapendake chakula ya watu mu frigo yake. Nikatoka nayo, nikaangalia kama madame haone, nikaangalia dirisha yenu. Rideau ikatikisika. Nikasema, labda mukubwa analala, nisigonge. Nikarudia nayo nyumba. Jumanne ingine nikapika tena sombe ya mupya, nikaleta. Njo ile police akafungua. Akaingiza kalamu ndani, akageuza, akageuza. Chakula nimepika na mikono yangu."

Bakuli langu la bati, ambalo kwao ni sahani, na sombe yao ya majani ya muhogo. Na mimi nililiona, kwa macho yangu haya, ndani ya kitenge.

"Kuko mutu alisema niko naficha kitu," akasema. "Nani, Mama Brandon? Mi sina adui kule. Kule najua weye tu."

Alisema hivyo bila ubaya wowote. Alikuwa anauliza kweli, nimsaidie kufikiri. Na mimi niliyekuja kusema nilikunywa maji yote ya gilasi mpaka tone la mwisho. Nilipoinuka kuondoka akanizuia, akaingia jikoni, akarudi na bakuli langu limejaa sombe yenye samaki, moto, limefunikwa. "Sitakurudishia sahani wazi, bila kitu ndani," akasema. "Hapana, hata kama sina kazi."

Nilibeba lile bakuli mpaka garini nikalia kama mtoto.

Jumanne asubuhi nilipita kituo cha polisi kabla ya kazi. Nikamwambia Ofisa Delaney sahani ilikuwa kwangu wiki nne nzima, juu ya friji. Akaniangalia, akachukua fomu.

"Uliitoa kijijini bila idhini ya mwenyewe?"

"Mwenyewe aliileta na keki. Muulize Bwana Haskett."

"Na kwa nini hukuivusha tu barabara?"

Sasa mweleze hilo kwa Kiingereza. Nilijaribu. Nilimwambia mandazi, nilimwambia mama yangu, nilimwambia kwetu hairudi tupu. Kalamu yake ilisimama hewani. Mwisho akaandika mstari mmoja, na niliusoma kutoka upande wangu wa meza: mfanyakazi alichukua chombo, akakirudisha. Nikamwambia aandike pia kwamba Marguerite hakuchukua kitu, kwamba kwenye kitambaa palikuwa na bakuli langu, na kwamba aliyemsema ni mimi. Akauliza herufi za jina langu. Nikamtajia moja moja.

Bwana Haskett aliporudi alisema ndiyo, ni yeye aliyeipeleka, alikuwa amesahau. Akacheka, nasikia. Sahani ikarudi kabatini. Bi. Haskett akampigia simu Marguerite kumwomba msamaha na kumwambia arudi, Marguerite akamshukuru, akasema amepata kazi kwenye ghala. Binti wa Dallas naye alinipigia jioni ya ile Jumanne ya polisi. Alisema anaelewa, anaelewa kabisa, lakini hawezi kukaa na mtu anayebeba vitu vya watu bila kusema, na kuhusu ile barua, hapana. Nikarudisha kadi ya kijani. Juni ikapita. Kiti changu kwenye shule ya uuguzi wakampa mwingine, na Agosti nilikuwa nageuza wazee katika nyumba ya wazee huko karibu na Sugar Land, zamu mbili.

Lakini nimeruka Jumamosi, ile Jumamosi baada ya polisi. Nilipika matoke, nyama laini, vitunguu vingi, kama anavyopenda. Nikajaza bakuli mpaka mfuniko ukagoma. Nikapanda zile ngazi nikijiambia nimeshapoteza kazi, nimeshapoteza shule, nimeshasema ukweli kwa polisi, amebaki yeye tu.

Akafungua, akatabasamu, akapokea bakuli kwa mikono miwili. Sikusubiri kukalishwa. Nilisema nikiwa nimesimama, yote: dirisha, pazia, Delaney, kahawa, na lile neno la kuangalia huku na huku nililoliongeza mwenyewe. Nilisema niliogopa. Nilisema nisamehe, Mama Élysée.

Hakulia wala hakunitukana, nami ningeomba anitukane. Alisikiliza mpaka mwisho, bakuli kifuani. Kisha akasema, "Ngoja," akaingia jikoni.

Nikamsikia anamimina chakula, sijui ndani ya sufuria, sijui ndani ya takataka. Nikasikia maji ya bomba, kwa muda mrefu. Nikasikia mfuniko unawekwa. Nikajipa moyo: anatafuta cha kuweka, pengine unga, pengine vitunguu viwili tu.

Akarudi, akanyoosha mikono yote miwili kwa heshima, kama mtu anavyomrudishia mgeni kitu chake. "Shika sahani yako, mama," akasema. Si Mama Brandon. Mama tu. Akafunga mlango taratibu.

Nilifunua mfuniko pale pale kwenye ngazi. Bakuli lilikuwa safi, limekaushwa vizuri kwa kitambaa, na ndani hamkuwa na kitu.